Umenitazama Tangu Asubuhi

Aziza mwanangu,

Marahaba. Najua ukifungua karatasi hii kitu cha kwanza moyoni mwako kitakuwa "shikamoo baba", kwa hiyo nimekuitikia mapema. Nyumbani hatujambo. Umetoka hapa saa chache tu zilizopita na jioni utarudi, lakini barua bila salamu naona kama naanza kukufokea.

Nimekaa uani, kwenye lile benchi la nje ya chumba cha mpangaji wetu. Ni alasiri yako ya mwisho hapa Katesh. Mama yako yuko jikoni, anakukaangia kuku wa safari huku anagombana na mkaa. Wewe umekwenda Nangwa kumuaga bibi yako. Na mimi hapa nina simu juu ya goti, ndani ya simu kuna ramani, na kwenye ramani kuna kidoti cha bluu. Kidoti hicho ni wewe.

Ndiyo, umesoma vizuri. Usiichane barua kwanza, nifikishe mwisho. Siku niliyokununulia simu pale stendi, fundi aliniuliza kama ningependa "kumwona mtoto akiwa mbali". Wewe na mama yako mlikuwa mmekwenda kuchagua shuka. Nikamwambia weka. Tangu siku hiyo kila unapokwenda nakuona, na sikukwambia. Nia yangu ilikuwa nikuone hivyo hivyo mpaka Dodoma, muda wote utakaokuwa chuoni. Barua hii nimeianza bila kujua nitaimaliza nikiwa bado na nia hiyo au la.

Habari za blanketi, za kuchemsha maji, za kutokopesha vyombo vyako, mama yako amekwisha kuzisema, na kesho stendi atazirudia mbele ya abiria wote. Mimi huko sina la kuongeza. Mimi nina habari za kazi yangu tu.

Mimi ni dalali wa ng'ombe. Kuna watu wakilitamka neno hilo ni kama wanatema kitu. Wacha wateme. Nilianza kusimama kwenye mnada wa hapa kabla hujazaliwa, na sipendi kujisifu, lakini hapa nitajisifu: hakuna anayemsoma muuzaji kama baba yako. Mtu hajafungua mdomo, mimi nimeshamjua. Naanza na miguu. Vumbi likifika magotini, ametoka mbali, hatapenda kurudi na mnyama. Amekuja na mkewe? Hataamua haraka, usimsumbue. Kidumu chake cha maji kimekwisha mapema? Jua likipanda atakuwa amelegea. Anageuka kutazama barabara kila gari likipita? Kuna mtu anamngoja, au ana mgonjwa. Na anayempapasa ng'ombe wake shingoni, huyo bado hajaamua kuuza. Mwache kwanza.

Lakini kujua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni saa ya kusema. Sijawahi kumwambia mtu "uza" hata siku moja, ungeniuliza ningeapa. Mimi napita karibu yake nikiongea na mtu mwingine, nasema, "Naona mawingu yote yanaishia Mbulu, huku kwetu majani yatachelewa." Basi, naenda zangu. Hofu ile ni yake, amekuja nayo kutoka nyumbani, mimi nimeiamsha tu. Jua likiwa kali ananifuata mwenyewe: "Dalali, yule mteja wako bado yupo?" Na jioni anarudi kwake akiamini ameamua kwa akili yake.

Unamkumbuka yule mtu wa Balangdalalu? Nimemsimulia mara nyingi, hata wewe ulikuwa unacheka umekaa mapajani kwangu. Mdatoga mmoja wa makamo, amekuja na mtamba mwekundu, kamba mpya, macho barabarani. Nikamwambia mnunuzi wangu, "Huyu ngoja. Usimfuate. Atakuja." Mnunuzi akangoja. Akaja. Kila kitu kilikwenda kama nilivyosema, nikavimba kichwa. Wakati wa kupeana mikono, mtu yule akaninyima mkono wake. Akaniambia, "Umenitazama tangu asubuhi. Mbona hukuniuliza?"

Nikamcheka. "Ningekuuliza nini?"

"Kwa nini nauza."

Akaokota fimbo yake akaenda. Pale kwenye kahawa niliigeuza kuwa kichekesho, na kila nikiisimulia watu hushika mbavu. Lakini kwa nini alikuwa anauza, mpaka leo sijui. Nilijua tu kwamba atauza.

Kidoti bado kiko kwa bibi yako. Najua hapo amekushika mkono anakuuliza kwa mara nyingine Dodoma kuna baridi au hakuna.

Sasa tuje kwenye simu. Ile ya zamani unaikumbuka, yenye kioo kilichopasuka, iliyokuwa inakaa kwenye kaunta ya duka la mama yako. Simu ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mtaa. Jirani akitaka dawa ya kuku, anaiomba. Mabinti wakitaka mitindo ya magauni ya harusi, wanaiomba. Watoto wa shule na hesabu zao, vijana wa bodaboda na mpira wao wa Ulaya, mzee wa msikitini na mawaidha yake, wote mle mle. Siku moja nikaifungua, ikanipendekezea trekta, keki ya ghorofa tatu na mafuta ya kulainisha nywele. Mimi, mwenye upara unaong'aa! Nesi Atupele, huyu mpangaji wetu, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mzee, simu yako inaamini wewe ni bibi harusi mkulima unayecheza namba tisa." Tukacheka wote, wala hakuna aliyejua kwamba ule mchanganyiko ndio ulikuwa unanificha.

Halafu nikajinunulia mpya. Nikaiwekea alama ya kidole, mtu asiiguse. Nikajiona na mimi mtu. Ilikuwa ndiyo wiki uliyopata nafasi ya chuo, kusomea kompyuta. Na nilifurahi, Aziza. Hilo usije ukalisahau, kwamba kwanza nilifurahi na mbuzi nilichinja. Nikakaa pale sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto kama kawaida yangu, nikaandika: maisha ya wanafunzi wa chuo. Nilitaka nikuone utakavyoishi.

Video ya kwanza, wanafunzi wanapika hosteli. Nikaipita. Ya pili, binti analia, anasema laiti angewasikiliza wazazi wake asingeondoka nyumbani. Ile sikuipita. Niliitazama mpaka mwisho, kisha nikairudia. Sikubonyeza kitu, sikuandika neno. Kidole changu kilisimama, basi. Hilo ndilo lilikuwa vumbi langu la magotini.

Kesho yake wakaja mabinti wengine wanaolia. Akaja bwana mwenye suti, hana mtoto chuoni ukimtazama, lakini anawafokea wazazi kama amewazaa yeye. Akaja mwingine anasema vyeti vya kompyuta havina kazi, kompyuta zenyewe ndizo zitafanya kazi hiyo. Kila siku baada ya chakula, miguu kwenye beseni. Muda si mrefu nikawa mtaalamu wa hatari za chuo ambacho sijawahi kukanyaga hata geti lake.

Nikakwambia hutakwenda.

Ulikuwa unaosha vyombo. Uliniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, haya umeyasikia wapi?" Nikajibu kwamba dunia nzima inajua. Ukasema, "Dunia nzima ipi, baba?" Nikakufokea mpaka majirani wakasikia. Uliendelea kunisalimia, shikamoo zako zote nilizipata, ila uliacha kunimiminia chai. Ulikuwa unaweka birika mezani unaondoka. Hujui jinsi lile birika lilivyoniumiza, na bado sikulegea, kwa sababu kila jioni nilikuwa naongezewa ushahidi.

Wewe unadhani mama yako ndiye aliyenibadilisha. Yeye anadhani ni dua zake. Nimewaacha mkae na imani zenu, lakini kesho unaondoka na ninataka uondoke na ukweli.

Nilikwenda kwa nesi Atupele kumpa pole. Hebu fikiria! Ana binti yake chuoni, kwao Mbeya, nikaona kama jirani mwema nimwonye amtoe huko kabla hajaharibika. Nikamwonyesha video zangu. Akazitazama, akasema, "Mimi hizi sijawahi kuziona."

"Utakuwa huangalii," nikamwambia.

"Mzee, mimi nina mtoto kule. Naangalia kila siku."

Akaleta simu yake. Tukakaa kwenye benchi hili hili, simu mbili ubavu kwa ubavu, tukaandika maneno yale yale, herufi kwa herufi: maisha ya wanafunzi wa chuo. Yangu ikatoa kilio, onyo, kilio. Yake ikatoa namna ya kupika wali kwenye jiko la umeme, kwaya ya wanafunzi, binti anaeleza jinsi ya kujiandaa na mtihani, na tangazo la kozi ya wauguzi. Tukabadilishana simu. Nesi akaguna. Akasema, "Kumbe kila mtu ana chuo chake."

Hapo ndipo nilipomwona dalali mwenzangu, Aziza. Sikuhitaji kufundishwa na mtu, nilimtambua kwa kazi yake. Kwenye mnada wangu wauzaji wawili wenye ng'ombe wanaofanana huondoka na bei tofauti, na kila mmoja huamini ndiyo bei ya siku hiyo. Huyu aliyeko kwenye simu alikuwa ananifuata saa ile nimechoka. Hakuniambia hata mara moja nikuzuie. Alipita tu karibu yangu akiongea habari za mawingu. Hofu ilikuwa yangu mwenyewe, hofu ya nyumba hii bila wewe, na yeye akaiamsha, akaichochea, nikasimama mbele yako nikidhani nimeamua kwa akili yangu. Aisee, nilikasirika! Halafu, mama yako asisikie, nikamvulia kofia. Kazi safi. Kunifanyia mimi, mimi ninayewafanyia watu!

Kesho yake nikakwambia nenda kasome, nikajifanya mkali ili usiniulize sababu. Na siku zilizofuata nikawa nakuchokonoa kijanja, kama mtu mdadisi tu, unieleze simu inajuaje mambo ya watu. Ukanitajia jina lake, algoridhimu. Jina gumu, mimi naendelea kumwita dalali. Ukanieleza kwamba mle ndani hakuna mtu, ni hesabu. Inaokota ulipogusa na ulipokawia, ulipo, saa uliyoamka, unaongea na nani. Inakulinganisha na watu wengine wengi mno waliokawia pale pale, inakisia utakachofanya, kisha inakuwekea mbele kile kitakachokufanya ubaki. Nikakuuliza, "Mnunuzi ni nani?" Ukasema wenye matangazo. "Na muuzaji?" Ukasema wenye programu. "Sasa mimi ni nani pale?" Ukaniangalia, ukaona haya kumjibu baba yako. Nikakumalizia mwenyewe: "Mimi ng'ombe." Tulicheka mpaka mama yako akatoka na mwiko kuuliza kuna nini. Jioni ile ulinimiminia chai.

Kidoti kimetoka Nangwa. Kinakuja vizuri.

Sikwambii utupe simu. Mimi mwenyewe siwezi, bei za Arusha nazipata humo, na huko Dodoma utaihitaji kwa masomo. Wala sina wasiwasi na akili yako, akili unayo, tena umerithi pande zote mbili. Nakwambia tu ninavyofanya siku hizi. Nikiona kitu kwenye simu kikanifanya nitake kuamua hapo hapo, nasimama, najiuliza: jua liko wapi, na kidumu changu kina maji? Nikijiona nimechoka au nina hofu, naamka nakwenda kwa mtu asiyefanana nami. Nesi ni Mkristo, mwanamke, mtu wa Mbeya, anapenda samaki wa ziwani na mimi siwezi hata kuwanusa. Ndiyo maana simu yake iliniokoa. Na wewe ukifika tafuta mtu wa benchi, umweke karibu, mtu ambaye unaweza kuweka simu yako kando ya yake bila aibu.

Tena kuna jambo jingine. Wewe unakwenda kusomea haya mambo. Ipo siku unaweza kukaa upande wa wale wanaozitengeneza hesabu hizo, na utakuwa hodari, nakujua. Sitakuambia ukatae kazi, mimi yangu sijaacha. Lakini siku hizi mnadani nauliza. Namsogelea mtu namwambia, "Habari za nyumbani? Mbona unauza?" Wenzangu wananitania kwamba nimekuwa shehe. Watu wananieleza, wengine uongo, wengine kweli, na ng'ombe wanauzika kama kawaida. Tena wapo wanaonitafuta mimi tu.

Kidoti kimesimama.

Kimesimama njia panda, pale penye mashine ya kusaga. Nilidhani unapumzika. Nimekunywa chai yangu yote, nimemjibu mama yako maswali yake, nimerudi, bado kimesimama pale pale.

Aziza, ngoja nikueleze kilichonipata, bila kupunguza. Nilianza kazi. Pale njia panda kuna nani? Kuna yule fundi wa pikipiki aliyekubebea gunia siku ile akakataa hata soda. Ndiyo maana leo umevaa kitenge kipya kwenda kwa bibi yako ambaye macho yake hayaoni vizuri. Ndiyo maana ulisema usisindikizwe. Kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani, kimoja kinakivuta kingine, kama zile video. Nikainuka. Nimeshika funguo za pikipiki mkononi, nimeshakujua, nimeshakuhukumu, maneno ya kukufokea nimeshayachagua, na wewe mwenyewe hujafungua mdomo.

Nikakumbuka mkono nilionyimwa.

Nimeketi tena. Kwanza nimeona aibu, sasa najisikia mwepesi. Nimekiondoa kidoti. Kwenye simu yangu hakipo tena, imebaki ramani tupu ya Hanang na mlima wake. Kwenye simu yako bado kuna mlango aliouacha yule fundi wa simu. Sitaishika simu yako kuufunga, mkono wangu umeshaingia humo mara moja na inatosha. Fungua mipangilio uufunge mwenyewe, wewe ndiye fundi kuliko sisi sote. Na unisamehe, mwanangu. Nakupenda, ndiyo sababu niliweka, lakini kukupenda hakunipi ruhusa hiyo.

Niliweka kalamu chini kwa sababu uliingia. Naendelea sasa, wewe uko jikoni na mama yako mnacheka, sijui mnamcheka nani.

Uliniamkia, nikaitikia. Nikakuuliza, "Mbona umechelewa?"

"Nilisimama na mtu, baba."

Ungeweza kusema ni bibi. Ungeweza kusema ni bodaboda iliharibika, na ningeamini. "Mtu gani?" nikauliza.

Ukanitazama moja kwa moja. "Nitakwambia, baba. Ila siyo leo."

Nikasema haya. Nadhani ulishangaa, maana ulibaki umesimama ukingoja niendelee. Nilikuuliza, ukanijibu, na hicho ulichonipa ni kingi kuliko vyote nilivyowahi kuvipata kwenye kile kidoti.

Ukifika Dodoma nipigie. Nitakuuliza habari za huko, na ukitaka kunieleza utanieleza. Siku utakayokuwa tayari na lile la leo, nami nitakuwa tayari.

Viatu vyako uliviacha mlangoni. Vina udongo, na baba yako udongo wa Hanang anaujua njia kwa njia: wa barabarani mwekundu, wa kule nyuma ya mashine karibu na maji mweusi, unanata. Ningeinama kidogo tu ningejua uliishia barabarani au ulipita kule nyuma ya mashine, na ulikaa muda gani. Nimevichukua nikiwa nimetazama mlimani, nikavigonga ukutani mpaka udongo wote ukadondoka, nikavipangusa kwa kitambaa. Viko mlangoni vinakungoja.

Baba yako